Viti Viwili

Lilishuka Malindi siku ya Jumanne, ndani ya kontena,
jekundu la shokishoki lililoiva, milango miwili,
tumbo li karibu na lami kama paka anayevizia.
Umri wangu ishirini na tatu.
Miaka sita nimelala chali juu ya mapaa ya mahoteli ya Nungwi na Paje,
nikizibua viyoyozi, nikijaza gesi,
jasho linitoke mimi, wageni walale wakijifunika shuka.
Hiyo ndiyo siri yote. Haina ukurasa wa pili.

Jang'ombe walikuwa na kurasa zao.
Kafuga jini. Kaolewa na bibi wa Kitaliano.
Yale mabomba ya viyoyozi, nani ajuaye humo hupita nini?
Mama akalifukiza ubani, akalizunguka mara saba
kama bibi harusi asiye na kungwi,
akafunga kitambaa cheusi chini ya usukani.
"Jicho, mwanangu, halina breki."

Mimi nilicheka. Nilitaka wanione.
Sitosema uongo: nilipofika kona ya duka la Mzee Pandu
nilikanyaga mafuta makusudi,
injini ikaguruma, kahawa ikatikisika vikombeni,
na wenzangu wanne juu ya baraza wakainua macho
pamoja, kisha wakayashusha pamoja,
wakarudi kwenye dhumna.

Ussi ndiye aliyetamka, huku akipanga kete:
"Gari ni viti viwili, nasi sote ni watano."
Wakacheka. Nami nikahesabu, kwa mazoea ya skuli:
mizani kumi na sita, nane kwa nane,
haikupungua hata moja ya kunifichia uso.

Maana Vespa ya marehemu babake Ussi ilikuwa na kiti kimoja
ikatubeba watatu, Idi Mosi wanne,
wa tano anakimbia nyuma, kashika tairi la akiba.
Hakuna aliyehesabu.

Nikawachukua mmoja mmoja, kwa zamu, hadi Fumba na kurudi.
Vuai alinuna kwa kuwa wa pili.
Khatibu aliposhuka alisema: kiyoyozi chako hakipozi, fundi.
Mbarouk alikataa. Alisimama penye mlango, akalitazama kiti,
akasema, "Siku nyengine. Mimi n'na kazi."
Nikamwambia mama: yule ana kijicho.

Alfajiri ya Ijumaa nikaukuta mkwaruzo,
kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, ubavu mzima,
rangi imefunuka mpaka bati.
Nilipiga magoti. Nikaufuata kwa kidole.
Haukuwa mstari mnyoofu:
unapanda, unazama, unapanda, unazama,
hatua ndefu, hatua fupi.

Naujua mwendo huo.
Ni mimi niliyeutia, njia ya Amani, mvua ya masika,
nimeishika Vespa kwa mkono mmoja ili nionekane,
na Mbarouk nyuma yangu ananiambia polepole, polepole.
Tangu siku ile mguu wake wa kushoto haukunjiki.

Haukunjiki.
Na gari langu, ili uingie,
lazima magoti yafike kidevuni.

Fundi wa rangi wa Kwahani alitaka laki tatu.
Nikamwambia aache.
Sikusema nimesamehe; sijui hapo nani amwombe nani radhi.
Jioni nikaenda barazani kwa miguu.
Mbarouk alikuwa pembeni, mguu kaunyoosha mbele, njia yote kaifunga.
Hakuinua macho. Alisogeza kete zake inchi mbili,
pakapatikana nafasi ya nusu mtu.

Nikaikalia hiyo nusu.